Daktari wa Bure

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Lodwar halijaanza kuchoma mchanga, Nakaale alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo: kuosha mabuti ya mama yake. Yalikuwa mabuti marefu ya mpira, na wiki nzima yalikuwa yamekanyaga mavi ya mbuzi, ya punda na ya ngamia. Nakaale aliyashika kwa vidole viwili, uso ameukunja, huku akichungulia njiani asije akaonwa na mwanafunzi mwenzake.

Mama yake, Akidor, alikuwa daktari wa mifugo wa kaunti. Zamani Nakaale aliona fahari kuwa mtoto wa daktari. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Saba, na umri huo, jamani, una aibu zake.

Aibu yenyewe ilianzia darasani. Mwalimu Elijah aliwaagiza wanafunzi wawaulize wazazi kuhusu kazi zao: watu wa kazi hiyo hulipwa vipi katika kaunti, na kwa nini wengine huwazidi wenzao. Papo hapo aliyeinua mkono alikuwa Sally, ambaye baba yake pia alikuwa daktari wa mifugo, katika shirika moja kule Kakuma.

"Baba yangu na mama ya Nakaale walisoma chuo kimoja," alisema Sally. "Lakini baba analipwa karibu mara mbili, na gari la kazi analo. Mama ya Nakaale anadunga mbuzi za watu bure. Ni daktari wa bure!"

Darasa zima likaangua kicheko. Unalijua neno hilo. Bure ni kitu usicholipia, na bure ni kitu kisichofaa kitu. Wanafunzi walisikia maana zote mbili, na Nakaale alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu Elijah alimkemea Sally, lakini kicheko kikishatoka hakirudi kinywani.

Jioni hiyo alimkuta mama yake uani akikaanga samaki. "Mama, kwa nini baba ya Sally anakuzidi mshahara, na mlisoma pamoja?"

"Ehe! Swali la maana hilo." Mama aligeuza samaki. "Kwanza tazama nani amekuajiri. Mimi ni wa kaunti. Mshahara wangu unafuata daraja langu na miaka niliyofanya kazi, na naongezewa posho kidogo kwa sababu huku ni mbali na maisha ni magumu. Baba Sally analipwa kwa pesa za wafadhili. Wanalipa vizuri, ila mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Kila ukikaribia kwisha, halali usingizi."

"Na wale wenye maduka ya dawa za mifugo?"

"Hao wanakula walichouza. Mvua ikinyesha, mifugo inanona, watu wanauza na kununua. Ukame ukija, wanapiga miayo dukani. Halafu kuna wenzetu wenye cheti au diploma. Wanapata chini yangu, na wengine wanatembea kunishinda."

"Na daktari wa Nairobi?"

"Huyo anatibu mbwa wa tajiri na ng'ombe wa maziwa. Mwenye ng'ombe anauza maziwa kila siku, kwa hiyo pesa anayo. Hapa mtu ana mbuzi zizi zima na mfukoni hana hata ya soda. Utamdai nini?"

"Mbuzi," Nakaale alijibu upesi.

Mama aliacha kutabasamu. "Sikiliza, mwanangu. Chanjo ya serikali imeshalipiwa. Nikimdai mfugaji hata kwato, huo ni wizi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Kwa hiyo tusije tukasema hakuambiwa. Aliambiwa, na alielewa.

Likizo ya Agosti ilipofika, Mama alipangiwa kuchanja mbuzi pembezoni mwa Kakuma dhidi ya homa ya mapafu, ugonjwa ambao Waturkana wanauita loukoi. Alimchukua Nakaale, wakafikia kwa binamu yao mjini. Siku moja kabla ya chanjo, Mama alibaki akipanga chupa za dawa kwenye sanduku la barafu. Simu hazikushika vizuri ng'ambo ya mto Tarach, na mto wenyewe ulikuwa mkavu kabisa.

"Kimbia kwenye maboma ya ng'ambo," alimwambia Nakaale. "Waambie ni kesho asubuhi, pale kisimani, na ni bure. Usiache boma hata moja."

Maboma ya mwanzo Nakaale alisema vile vile alivyotumwa. Lakini kwenye boma moja alimkuta kijana mmoja amejinyoosha kivulini, kichwa kwenye kigoda.

"Bure?" kijana alicheka. "Dawa ya bure si ni maji tu? Na daktari wa bure ni daktari gani?"

Lo! Lilikuwa neno lile lile, limemfuata kutoka Lodwar mpaka Kakuma. Nakaale aliondoka pale amefura, machozi yanamlengalenga.

Boma la mwisho lilikuwa la Apua, mjane mzee aliyeishi peke yake mbali na wengine, nyuma ya miti ya migunga. Hakuwa na ng'ombe wala ngamia. Alikuwa na mbuzi wake tu, na kila mmoja alimwita kwa jina.

"Ejok, Ata," Nakaale alimsalimu, kama unavyomsalimu nyanya yako.

"Ejok-nooi, mwanangu. Kaa kwanza. Jua hili litakuua." Apua alimletea maziwa ndani ya kibuyu, akangoja anywe mpaka ayamalize. Ndipo akauliza, "Sasa, hiyo chanjo, ni ya bure?"

Nakaale alijifuta mdomo. Hakuwa amepanga kusema uongo. Lakini swali lilimchoma pale pale palipokuwa na kidonda, na maneno yakamtoka.

"Si bure, Ata. Mama yangu amesoma miaka mingi. Kila boma linatoa mbuzi mmoja, tena jike."

Apua aliwatazama mbuzi wake kwa muda mrefu. Hakukasirika wala hakubisha. "Ni haki yake," alisema polepole. "Amesoma." Kisha akachukua kibuyu chake akaenda kukisafisha.

Njiani Nakaale alijifariji kwamba Apua angekuja tu kesho na kuona kila mtu anachanjiwa bure, na mambo yangeisha kwa kicheko. Asubuhi watu walifurika kisimani, vumbi likatanda, mbuzi wakapiga kelele, na Mama akachanja mpaka mkono ukamuuma. Apua hakutokea. Nakaale alikodoa macho upande wa migunga hadi yakamwasha.

"Mbona yule mama wa boma la mwisho hajaja?" Mama aliuliza akifunga sanduku. "Ulimfikia?"

Hapo palikuwa na nafasi. Dawa ilikuwa imebaki, gari lilikuwepo, na boma la Apua halikuwa mbali. Neno moja la kweli lingetosha.

"Nilimfikia," alijibu Nakaale akitazama chini. "Labda amehamia malishoni."

Mama alimwamini. Kwa nini asimwamini? Wakarudi Lodwar.

Shule ilifunguliwa. Nakaale alijaribu kumsahau Apua, lakini kila alipokunywa maziwa yalimkwama kooni. Ndipo Ijumaa moja simu ya Mama ikalia. Aliyepiga alikuwa Lomenen, mzee wa kijiji kule ng'ambo ya Tarach, na sauti yake ilikuwa kali mpaka Nakaale akaisikia kutoka kitini.

"Daktari, mbuzi za Apua zinakufa kwa loukoi. Zinakohoa, zinatoa kamasi, zinanyoosha shingo kutafuta hewa. Mimi ndiye nakuita. Yeye amekataa kukuita. Na watu hapa wanasema maneno juu yako ambayo sikuyatarajia."

"Maneno gani?"

"Njoo uyasikie mwenyewe."

Kesho yake alfajiri Mama alivaa mabuti yake. Nakaale akasema kwa sauti ndogo, "Nataka kwenda na wewe."

Mbuzi wa Apua walikuwa wamelala huku na huku ndani ya zizi. Zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wakihema midomo wazi, povu puani, na mwanambuzi mmoja alikuwa akinyonya chuchu ya mama yake aliyekwisha kuwa baridi. Apua alikuwa ameketi katikati yao. Hakuinua kichwa.

Mama hakupoteza wakati. Alipiga magoti kwenye mavi, akawadunga waliobaki dawa ya kutibu, mmoja baada ya mwingine. "Apua, kwa nini hukuwaleta kisimani?" aliuliza huku akifanya kazi. "Na walipoanza kukohoa, kwa nini hukuniita mapema?"

"Ningekuita kwa mbuzi gani, Daktari?" Apua alisema. "Ulitaka jike mmoja. Nikasema ni haki yako, ila sina wa kutoa. Halafu nikasikia majirani wote wamechanjiwa bure. Nikajiuliza, mimi nimemkosea nini daktari huyu? Au ni kwa sababu sina mume wa kunisemea?"

Sindano ilisimama mkononi mwa Mama. Lomenen, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa zizi, alikunja mikono kifuani, macho yake kwenye uso wa Mama, naye Mama hakujua hata anashtakiwa nini.

Nakaale aliona mama yake, aliyekuwa magotini kwenye mavi, akitazamwa kama mwizi. Hilo hakuliweza.

"Ni mimi!" alilia. "Mama hakusema. Ni mimi nilimwambia Ata alete mbuzi. Walikuwa wanakuita daktari wa bure, Mama. Nikaona aibu. Na kisimani nilikudanganya. Nisamehe, Ata. Nisamehe!"

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alimaliza kumdunga mbuzi wa mwisho, akainuka, akasema kwa sauti iliyochoka, "Mimi sina la kukuambia sasa. Mwenye mbuzi ndiye wa kuongea."

Apua alimtazama Nakaale. "Ulikunywa maziwa yangu," alisema. "Aliyekupa maziwa hayo ni yule pale." Akamwonyesha mbuzi mweupe aliyelala karibu na ua, miguu imekakamaa. "Amekufa bure."

Miaka itapita, na Nakaale atasahau mengi, lakini namna Apua alivyotamka neno hilo hatasahau.

Siku ile ile, wakati wa kunywesha mifugo, Nakaale alisimama kisimani mbele ya watu wote. Alisema alichofanya, bila kuficha, na akasema mama yake hajawahi kumdai mtu kitu. Kijana yule wa kigoda alikuwepo, lakini leo hakucheka. Lomenen alimwendea Mama akampa mkono. "Tulikufikiria vibaya, Daktari. Utusamehe."

Nakaale alikuwa na mbuzi jike mmoja na mtoto wake, aliotunukiwa na nyanya yake wa Kaikor. Alikuwa akiwaringia tangu alipopewa. Mwezi ule waliletwa kwa lori hadi Kakuma, naye mwenyewe akawafikisha kwa Apua. Apua aliwapokea, akawapapasa masikio, akasema asante. Hakusema yameisha, na Nakaale hakumuuliza.

Chanjo nyingine ilikuja baada ya mvua. Safari hii Nakaale ndiye aliyejitolea kuzunguka maboma, akaanzia kwa Apua. Asubuhi, kabla hata Mama hajafungua sanduku, mtu wa kwanza kufika kisimani alikuwa Apua mwenyewe, fimbo mkononi.

"Daktari mdogo!" aliita kwa sauti ili kila mtu asikie. "Leo ni ya bure, au nilete jike?"

Watu walicheka, na Apua akacheka kidogo pia. "Ni bure, Ata," Nakaale alijibu.

Mama alichanja mbuzi wa Apua huku Nakaale akiwashika. Apua na mbuzi wake walipoondoka, Nakaale alisema taratibu, "Mama, Sally anasema mkataba wa baba yake haukuongezwa. Sikumcheka."

"Vizuri. Ni daktari hodari, atapata kazi nyingine." Mama alijaza sindano upya. "Mshahara wa daktari unapandishwa na kushushwa na mengi, Nakaale. Masomo, daraja, mahali, mwajiri, hata mvua. Hayo hayako mikononi mwetu sana. Lakini kuna kitu kimoja asichoweza kunilipa mwajiri yeyote: mtu kuamka asubuhi aniletee mbuzi wake bila kuniogopa. Hicho nilikijenga kwa miaka, na wewe ulikivunja kwa sentensi moja. Ukisema uongo ili mzazi wako aonekane mkubwa, unamfanya mdogo. Sema kweli, hata kama watu watacheka."

"Ndiyo, Mama."

Nakaale aligeuka kumtazama Apua akivuka mchanga wa Tarach. Zamani kundi lake lingechukua muda kumaliza kuvuka. Sasa lilikuwa limeshafika ng'ambo, kwa maana lilikuwa dogo mno. Nakaale aliinama, akachukua kitambaa, akaanza kufuta mavi kwenye mabuti ya mama yake kabla hajaambiwa.