Nyimbo za Yusto Zilizonasa

Walikutana sokoni Sumbawanga, Hellena akivutana bei na muuza vitenge. Kijana mrefu mwenye koti la jinzi akasimama kando yake.

"Dada, sauti nzuri hiyo unaimalizia kwenye vitenge? Unaimba wapi?"

"Kwaya, Kasense. Na wewe unauza nini?"

"Sauti za watu," akacheka. Aliitwa Yusto, prodyuza kwenye studio ya Flavian karibu na stendi.

Wimbo wa kwanza ukazaa wa pili, mazoea yakazaa mapenzi. Hadi alasiri moja Hellena alipomkuta Flavian studio, pamoja na msichana aliyeshika hotipoti, macho chini.

"Mdogo wangu Fortunata huyu," Flavian akasema. "Mchumba wa Yusto. Ndoa baada ya mavuno."

Hellena alitoka bila kuaga. Simu ya Yusto iliita siku nne. Ya tano akapokea.

"Sema upesi."

"Flavian ndiye aliyepanga, mpenzi. Nikikataa ananifukuza, na nyimbo zangu za miaka sita zinabaki kwenye kompyuta yake."

"Si uzinakili?"

"Nimejaribu! Nikifungua kwenye mashine nyingine, wimbo bubu. Biti iko huku, sauti kule, majina yenyewe 'mwisho', 'mwisho kabisa', 'mwisho wa kweli'. Nimenasa, Hellena."

Hellena alikuwa karani wa masjala. Alijua jalada linalodaiwa kupotea mara nyingi limewekwa tu pasipo pake. Hasira ilikuwa haijamwisha, ila alikwenda studio. Alasiri tatu, Flavian akiwa safarini, walikaa bega kwa bega katika chumba kile kisicho na dirisha, kuta zimevishwa magodoro, wakishtuka kila mlango ulipogongwa. Kila wimbo wakaupa folda yake, na humo biti, sauti na ala zake zote. Wakanakili kwenye diski, wakaijaribu kwenye kompyuta ya binamu yake Hellena. Nyimbo zote zikaimba.

"Tukimbilie Mbeya kesho," Yusto akanong'ona.

"Sikimbii na mchumba wa mtu. Kamwambie Flavian mchana kweupe, Fortunata akisikia."

Flavian aliporudi, Yusto akaenda. Hellena akasubiri ng'ambo ya barabara, upepo wa baridi ukimpeperusha kitenge. Kelele zikasikika, mlango ukabamizwa. Yusto akatoka, uso umempauka.

"Flavian kasemaje?"

"Nimwachie funguo, nisionekane tena."

"Na Fortunata?"

"Kalia. Halafu kanishika mkono, kasema asante. Kumbe ana mpenzi wake huko Kipili. Anamwogopa kaka yake kunishinda mimi."

Hellena alishusha pumzi. "Sasa huna kazi wala pa kulala."

"Sina. Jumapili naweza kuja Kasense kumwamkia baba yako?"

"Njoo baada ya misa," akasema, akimfunga vifungo vya koti. "Akikuuliza kazi yako, mwambie ukweli, huna. Mengine niachie mimi."