Mwibatatu wa Mzee Shekalaghe

Kitambuzi kilielea juu ya mabonde ya Usambara, mbawa zake zikivuma kama nyuki, jicho lake likipekua jani kwa jani. Mashine hiyo ilijua kila mmea wa nchi, lakini ilitumwa kuusaka mmoja tu: mwibatatu, kichaka chenye majani mabichi mwaka mzima, ambacho ndani yake hujificha kutu, ugonjwa wa kuvu unaoua ngano. Tangu kianze kuruka, mabwana shamba waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba walistaafishwa. Alibaki Nakijwa, mhandisi aliyekibuni, kwa kuwa sheria ilitaka binadamu athibitishe kabla ya kung'oa.

Asubuhi moja kilimwita kwenye nyumba iliyojitenga ukingoni mwa mji.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuangalia kichaka."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kiko nyuma," alijibu Mzee Shekalaghe, akatangulia akiburuta ndara.

Kichaka kilimfika Nakijwa kifuani. Majani yake yalikuwa magumu, yanayong'aa, na miiba imejipanga mitatu mitatu chini ya kila kishada. Alikwangua gome kwa ukucha. Ndani palikuwa pa manjano kama binzari.

"Ndicho," alisema. "Na kimepaliliwa. Hukujua kimekatazwa?"

"Nilijua. Mbegu nilizifuata mwenyewe msituni."

"Kwa nini, baba? Ngano ya majirani ingeteketea."

Mzee alitazama pembeni. "Tangu mama watoto afariki, wanaokuja hapa ni mashine. Moja huleta chakula, nyingine hunipima presha. Nikasikia redioni kwamba mwibatatu ukionekana, lazima aje mtu."

Nakijwa alikitazama kitambuzi. Siku ya kukizindua kitambuzi alipigiwa makofi kwa kuwapunguzia watu safari.

Alitoa amri. Mkono wa chuma ukashuka kutoka kwenye kitambuzi, ukakishika kichaka, ukaking'oa na mizizi yake.

Mzee alisukumia udongo shimoni kwa mguu. "Kilichukua miaka minne kufikia kimo cha kuonekana," alisema. "Kingine sidhani kama nitakiwahi. Ingia basi, chai iko tayari. Nilipoona mashine inazunguka, niliinjika."

Walipokuwa wakinywa, kitambuzi kililia mlangoni. Mwibatatu mwingine ulikuwa ng'ambo ya bonde, kwa bibi mmoja mjane. Kikataja na wa tatu, nyuma ya nyumba ya mtu anayeishi peke yake.

Nakijwa alikimaliza kikombe polepole, akaaga. Mzee alimsindikiza mpaka barabarani, kisha akaivuka barabara pamoja naye, akaendelea kutembea naye kuelekea ng'ambo ya bonde.