Waliokuwa Wakirudi Kwao

"Samahani kaka, unatoka wapi?"

"Kwa shangazi."

"Nauliza upande gani wa daraja."

"Upande huu huu. Ila kwa jinsi ulivyoniuliza, natamani ningekuwa nimetoka mbali."

Ulikuwa mwaka ule wa barakoa, na pale kwenye daraja la mpakani mchana ulikuwa umechachamaa. Malori yalijipanga mpaka kwenye kituo cha mafuta, madereva wamejilaza chini ya matela. Wachukuzi walisukuma mikokoteni wakipaza sauti, "Kando! Kando!" Kwenye mabomba ya kunawia watu walibanana huku wakiambiwa waachiane nafasi, na muuguzi mwenye kipimajoto aliwalenga kwenye paji la uso mmoja mmoja. Katikati ya vurumai hiyo alisimama mwanamke aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa juu ya gauni refu la bluu, kilemba kimemkaa barabara, kishikwambi mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Barakoa ilimfunika nusu ya uso. Macho yaliyobaki yalitosha kumsumbua mtu.

Wachukuzi walimwita Dada Maswali. Aliongoza kikundi cha wadodosaji waliofuatilia mienendo ya wanaovuka mpaka tangu ugonjwa ulipoingia: ni wengi kiasi gani, wanaelekea upande upi, nini kimewang'oa walikokuwa. Jina la mtu hawakuuliza, wala kitambulisho. Majibu yalipokusanywa ndiyo yaliyowaonyesha wakubwa maji yapelekwe wapi, wauguzi wawekwe wapi, mahema yasimamishwe wapi.

"Kaka, nyuma yako kuna foleni. Unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nakwenda kazini. Sasa sina hakika."

"Sababu ya safari?"

"Andika tu 'nyinginezo'."

Alicheka, kisha akakaza macho. "Hebu sema tena. Hiyo sauti naijua. Si wewe unayeniamsha kila asubuhi kwenye redio?"

"Ndiye mimi. Na hujawahi kunishukuru."

"Nilidhani ni mzee mwenye kitambi!"

"Kitambi kiko njiani. Shangazi yangu anapika mno."

Alikuwa mtangazaji wa taarifa ya asubuhi, shati lake la rangi ya kahawa limepigwa pasi mpaka linakata, viatu vinang'aa kupita kiasi kwa vumbi la pale. Alikuja kuandaa habari ya msongamano wa malori. Malori akayasahau, akabaki kumtazama yule dada akifanya kazi.

Alimwona akichuchumaa mbele ya mama mmoja aliyeketi juu ya furushi na mtoto mgongoni. Hakuanza na swali. Alimpa maji, akamsogeza kivulini, akamsifia mtoto mashavu. Ndipo akauliza, taratibu, kama jirani.

"Nilikuwa mfanyakazi wa ndani huko ng'ambo," yule mama alisema. "Bosi alipokohoa, nikafukuzwa mimi."

Dada Maswali hakusema pole ya haraka haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kwa mkono muuguzi alipo na gari la bure linapoegesha. Mtangazaji alikuwa amewahoji watu maisha yake yote, lakini kusikiliza kwa namna ile hakuwahi kukuona.

"Nipe namba yako," alimwambia kabla ya kuondoka.

"Ya nini?"

"Nina maswali zaidi."

"Mwenye maswali hapa ni mimi," alijibu. Lakini namba akaitaja, haraka, huku akitazama pembeni.

Simu zikaanza. Jioni Dada Maswali alipofika nyumbani alikaa barazani, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, simu sikioni. Mama yake, mjane mwenye ulimi mwepesi, alipita na ufagio ambao haukuwa na kazi yoyote saa hiyo.

"Huyo Redio kapiga tena?"

"Mama, shikamoo."

"Marahaba ya asubuhi ilitosha. Mwambie apunguze sauti, majirani wanasikia taarifa ya habari."

Upande wa pili mtangazaji alicheka. "Mama mkwe ananipenda."

"Nani kakwambia ni mama mkwe?"

"Moyo wangu. Chanzo cha kuaminika."

Jumapili moja walikaa kwenye benchi kando ya mto, kila mmoja ncha yake, kila mmoja na kikombe chake. Walipovua barakoa ili wanywe chai, walitazamana kama watu wanaokutana upya. Dada Maswali alikuwa na mwanya mzuri katikati ya meno. Mtangazaji alikuwa na kovu dogo kidevuni.

"Kumbe ulikuwa unanificha haya yote," alisema mtangazaji.

"Kunywa chai wewe, itapoa."

Pendo likachanua hivyo, kwa mbali na kwa adabu, mpaka jioni ile Dada Maswali alipompigia akiwa bado darajani.

"Mbona leo umechangamka, kipenzi?"

"Mwelekeo umegeuka! Wanaoingia sasa ni mara mbili ya wanaotoka. Tangu nianze kazi hii sijaona jambo kama hili. Ripoti haijatoka, kwa hiyo kaa nalo. Nitakueleza vizuri, maana wengi wao ni..." Lori likapiga honi, mtandao ukakatika.

Mtangazaji angeweza kumpigia tena. Hakupiga. Mhariri wa kituo alikuwa akilia kila siku kwamba taarifa yao imepooza, na mtangazaji, kama watu wengi wenye sauti nzuri, alipenda kuwa wa kwanza. Asubuhi akasoma, kwa sauti ile ile iliyowaamsha watu kwa miaka: "Wageni wanaomiminika kupitia daraja sasa ni maradufu ya wanaotoka, hofu ya maambukizi yatanda."

Kabla ya adhuhuri mji ulishabadilika. Nyumba za wageni zilibandika vibao milangoni. Wenye maduka walikataa kumuuzia maji mtu mwenye begi. Mchukuzi mmoja alimvuta yule dada pembeni. "Dada Maswali, watu wanakukimbia. Wanasema unayoandika ndiyo yanayosomwa redioni."

Alimpigia mtangazaji papo hapo.

"Umenifanyia nini?"

"Mpenzi, kwani nimedanganya? Mara mbili, umesema mwenyewe."

"Nilisema mara mbili. Hukungoja niseme ni akina nani. Ni watoto wa hapa hapa! Kazi zimefungwa huko walikokuwa, wanarudi kwao. Wewe ukawaita wageni."

"Mhariri ndiye aliye..."

"Mhariri hana sauti yako. Watu wameamini kwa sababu ni wewe." Akavuta pumzi. "Na mimi nilikwambia kwa sababu ni wewe. Usinipigie tena."

Ofisini, mkubwa wa Dada Maswali alipouliza nani aliyetoa takwimu kabla ya wakati, alisimama mwenyewe. "Ni mimi." Hakutafuta wa kumtupia lawama. Alipewa onyo kali, akalipokea, akarudi kazini.

Wiki iliyofuata idadi ya wanaovuka ilishuka ghafla. Wenzake walifurahi: msongamano umeisha! Yeye hakufurahi. Alikaa na zile takwimu, akazigeuza huku na huku, akasema, "Hawakuacha kurudi. Wameacha kuonekana." Akavaa mabuti, akashuka kufuata mto. Mbali na daraja, penye matete, alikuta nguo zikianikwa na watu wamekaa wakitetemeka kwa baridi. Walivuka kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, wakimkimbia kila mwenye kizibao.

Alivua kizibao chake. Akakaa nao. Kesho yake alirudi na mwavuli mkubwa, madumu ya maji na yule muuguzi, akaanzisha kituo pale pale matopeni. Siku ya kwanza waliomkaribia walikuwa wachache. Siku zilivyoenda, neno likapita mdomo kwa mdomo kwamba pale chini kuna dada asiyemchongea mtu kwa wakubwa.

Hapo ndipo mtangazaji alipomkuta. Alikuwa amekonda kidogo, hata lile shati lilikuwa na mikunjo.

"Nimekuja kusaidia."

"Kinasa sauti kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani."

"Basi beba maji."

Akabeba. Kila siku baada ya taarifa yake alishuka mtoni na kubeba madumu mpaka vile viatu vya kung'aa vikaachama kama mamba. Hakuomba samahani, wala hakujitetea. Alisikiliza. Fundi mwashi aliyefungiwa kazi. Wasichana wawili wa kiwandani, ndugu, waliogawana barakoa moja. Na kinyozi mmoja kijana aliyekuwa akilala nyuma ya ghala la mbao, pale pale mjini.

"Kwenu ni wapi?" Dada Maswali alimuuliza.

"Mama yangu mdogo ana nyumba ya wageni karibu na stendi. Ndiye aliyenilea."

"Sasa unalala nje kwa nini?"

Kijana alitazama vidole vyake. "Mlangoni kabandika kibao: 'Wasafiri hapana.' Na mimi ni msafiri."

Mtangazaji aliweka dumu chini. Alikwenda pembeni kidogo, akasimama akiwapa mgongo, na Dada Maswali akaona mabega yake yakipanda na kushuka. Alipogeuka alimuuliza yule kijana, kwa upole ambao hakuwa nao zamani, kama angekubali maneno yake yasikike, bila jina. Kijana akatafakari, akakubali. Wengine nao wakakubali, na kesho yake akaja na kinasa sauti.

Mhariri alikataa. "Hiyo si habari. Habari ni hofu."

Asubuhi iliyofuata mtangazaji alisoma taarifa yote kama ilivyoandikwa. Mwisho akasema, "Nilipowaambia kwamba wanaovuka ni wageni, nilikosea. Wasikilizeni wenyewe." Akabonyeza kitufe. Kwanza yule fundi, kisha wale wasichana, kisha kinyozi.

Jua halijapanda vizuri, mwanamke mmoja mnene aliteremka kuelekea mtoni akikimbia na ndala mguu mmoja, nyingine imebaki njiani, barakoa kaivaa juu chini.

"Yuko wapi? Mwanangu yuko wapi?"

Kijana alisimama. "Mama mdogo, usikaribie, bado sijapimwa vizuri..."

"Nyamaza! Umelala nyuma ya ghala? Nami niko hapo ng'ambo ya barabara, nimejifungia na vitanda vitupu?"

Muuguzi ilibidi amzuie kwa mikono miwili asimkumbatie. Yule mwanamke alikaa chini matopeni, mbali na kijana kiasi alichoambiwa, akalia, na kijana naye akalia, wakitazamana. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kung'oa kile kibao. Wenye nyumba wengine walimwona. Wengine waliona haya, wengine waliogopa kuonekana wa mwisho. Vyovyote vile, vibao vilitoka, na mistari ya idadi kwenye kishikwambi cha Dada Maswali ikaanza kupanda tena pale darajani, penye maji safi na wauguzi.

Mtangazaji hakufukuzwa, ila taarifa ya asubuhi alinyang'anywa. Akapewa matangazo ya vitu vilivyopotea, saa nane mchana, wakati mji mzima umesinzia. Hakunung'unika. Alisoma habari za funguo na mifuko kwa makini yale yale ya habari kubwa.

Siku moja, ametoka tu studio, simu ikaita. Alipoona jina, nusura aiangushe.

"Nimesikia kuna mbuzi amepotea," ilisema sauti ya Dada Maswali.

"Mbuzi kapatikana."

"Na mtangazaji?"

"Huyo bado anatafutwa," akasema.

"Basi aje nyumbani. Mama anasema nyumba imekuwa kimya, hapati habari."

Walisuluhishana barazani kwa maneno machache. "Nilitaka kuwa wa kwanza," alisema mtangazaji. "Sasa nataka kuwa mkweli, hata nikiwa wa mwisho." Dada Maswali alimtazama sana. "Wewe ulibeba maji bila kuniomba chochote," alisema. "Hilo nililiona kila siku. Nilijifanya sioni." Ndani, ufagio ulikuwa umesimama kabisa.

Ripoti yake ilipotoka, wakubwa waliisoma mara mbili mbili. Hakuna mwingine aliyeeleza kwa nini watu walipotea kwenye takwimu na wakapatikana tena. Wakampa mpaka mwingine wa kusimamia, mbali, safari ya siku nzima kwa basi.

Asubuhi ya safari stendi ilifurika. Mtangazaji alimpakilia sanduku, akasimama chini ya dirisha lake, akijifanya anasoma tiketi ya mtu mwingine.

"Husemi kitu?" Dada Maswali aliuliza dirishani.

"Naogopa nitakosea tena."

"Jaribu."

"Nenda. Kazi yako watu wanaihitaji. Mimi nitakuja."

"Kama nani?"

Kabla hajajibu, simu ya Dada Maswali ikaita. Alikuwa mama yake, ananong'ona.

"Mwanangu, kuna bibi mmoja hapa sebuleni. Anasema ndiye shangazi aliyemlea Redio. Amevua viatu, amekaa, ameleta posa, na haondoki mpaka ajibiwe. Nimwambie nini?"

Dada Maswali alimtazama mtangazaji. Mtangazaji alitazama matairi ya basi.

Dereva akawasha injini. Utingo akapiga ubavu wa gari.

"Kwani wewe, mama, unasemaje?"

"Mimi?" alisema mama. "Mimi nimeshabandika sufuria."

Basi lilipoanza kusogea, Dada Maswali alishusha barakoa ili acheke vizuri, akatoa kichwa dirishani na kumwita mtangazaji kwa sauti ya juu ambayo stendi nzima iliisikia:

"Wewe! Kimbia nyumbani, chakula chako kitapoa!"