Ulimi wa Fundi Faki

Ulimi wa Faki Shehe ulikuwa unakufa, na halwa ilikuwa bado haijapatikana.

Kinasa-ladha kilikuwa uzi wa shaba uliolazwa juu ya ulimi. Mtu akionja kitu, uzi ulipitisha umeme mdogo, ukasoma ladha na kuituma kwa roboti mpishi, naye akarekebisha sufuria. Kila usomaji uliunguza vinundu vichache vya ulimi. Watu wengine walisomwa mara tano, wakapumzishwa mwaka mzima. Fundi Faki alikuwa amesomwa mara thelathini na nane kwa siku nne.

Mji mzima wa Wete uliacha sukari baada ya kisukari kuingia kila nyumba. Roboti walipika halwa kwa majani matamu. Vijana waliipenda, nyepesi, ya rangi ya waridi, haina samli nyingi. Watu wazima waliitema, na Faki ndiye aliyetakiwa kuwafunza roboti ladha ya halwa ya zamani.

"Ami, tuishie hapa," alisema Mkasi, mhandisi wa mashine, mtoto wa kaka yake. "Taa ya kinasa imeshakuwa nyekundu."

"Taa inajua halwa? Lete."

"Utabaki na kipande cha mpira mdomoni."

"Mke wangu hajala halwa mwaka wa tisa huu. Nimpelekee hiyo jeli yako? Mize atanifungia mlango."

Mkasi alimpa bakuli bila kuwasha uzi. Akampa na la pili. Faki alionja yote mawili.

"Hili la pili afadhali."

"Halwa ni ile ile, ami. Nimeichota sufuria moja."

Faki aliweka kijiko chini. Hakumtazama.

"Utamu umeondoka tangu asubuhi," alisema. "Lakini kinachokosekana si utamu. Majani yenu hayaungui. Sukari ikikaa motoni kwa muda wa saa tatu, inaungua kidogo pale chini, na uchungu ule ndio halwa yenyewe. Uchungu bado ninao."

Alitoa mfukoni kipande cheusi cha sukari aliyoiunguza mwenyewe nyumbani, akakiweka ulimini.

"Nikiusoma, nao utaondoka," Mkasi alisema. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi, hakishuki.

"Washa, mwanangu, kabla sijaogopa."

Aliwasha. Faki alishika kiti kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, lakini mdomo hakuufunga.

Usomaji wa thelathini na tisa ulifaulu, na roboti akaipika halwa. Jioni ile Mize alikula vipande vitatu. Alipomaliza akalamba vidole.

"Hii yako kabisa, mume wangu. Hebu onja."

Faki alitafuna. "Tamu," akasema.

Wiki iliyofuata daktari alimpima. Utamu, hakuna. Chumvi, hakuna. Uchachu wa ndimu, hakuna. Uchungu, hakuna. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na arobaini na miwili kati ya hiyo alikuwa fundi wa halwa.