Mzigo Namba 417

Kwa mara ya tano tangu asubuhi, mpagazi alianguka pale pale, kwenye kona ya mgunga, akalikumbatia sanduku lake, akakata roho. Jua la bandia likarudi mashariki. Mpagazi akainuka mwanzoni mwa njia, akajitwika, akaanza tena.

Hakuwa mtu. Alikuwa mwigo, roboti aliyeendeshwa na Rejeshi, mashine iliyosoma kila karatasi iliyosalia ya vita vya Wazungu vilivyopita Taveta karibu miaka mia mbili nyuma, ikaigeuza kuwa njia ya kutembelewa ndani ya ukumbi mrefu wa shule. Safari hii ya mpagazi waliitunga wanafunzi wa kidato cha tatu. Walitaka joto la kweli, wakaliweka. Hawakutaka mtu aikimbie historia kwa kubonyeza kitufe, wakaondoa vitufe vyote. Mlango ungefunguka sanduku likitua kwenye mizani ya kambini, mwisho wa njia, basi. Mwalimu Mkawasi alilisifia wazo hilo mbele ya shule nzima. Sasa lilikuwa limemfungia ndani pamoja na Wakesho, kiongozi wa mradi, kwa saa ya nne sasa, na chupa ya maji ilikuwa tupu. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa mbele ya mwanafunzi wake.

Walishajaribu kumnyang'anya sanduku. Mwigo alilibana kifuani kwa nguvu za chuma, maana Rejeshi ilijua kuwa mpagazi aliyepoteza mzigo alichapwa viboko.

Wakesho alishikilia kuwa mara hii atafika. Daftari la jeshi lilisema hivyo: namba 417, alama ya vema. Mwalimu akaomba kuliona tena. Wakesho akagusa ukuta, ukurasa ukatokea hewani, na Mwalimu akausoma kuanzia kichwani, jambo ambalo hakuna kati yao aliyewahi kulifanya.

"Wakesho, hii ni orodha ya mizigo. Si ya watu."

Msichana aliufuta ukurasa hewani. Kisha akaifuata njia hadi kwa mpagazi, aliyekuwa ameanza kuyumba, akamnyooshea mikono yote miwili kama anavyomfanyia bibi yake akirudi sokoni.

"Pole na kazi, baba. Lete nikupokee."

Kumnyang'anya mtu ni wizi. Kumpokea ni heshima, na hilo nalo Rejeshi ilikuwa imelisoma mahali. Mikono ya chuma ikalegea. Mpagazi akaketi chini ya mgunga, akalala ubavu.

Walilibeba sanduku kwa zamu. Lilichubua mabega, na Mwalimu alilia bila kujificha. Lilipotua kwenye mizani mlango ulifunguka, na wazazi waliokuwa wakisubiri maonyesho wakapiga makofi. Baba yake Wakesho akauliza kwa furaha kama yule mtu wao hatimaye amefika.

"Mzigo umefika," Wakesho alisema.

Aliletewa maji, hakuyapokea. Alikuwa amegeuka kutazama ndani, ambako jua lilikwisha kurudi mashariki, na mpagazi alikuwa amesimama mwanzoni mwa njia, akiutafuta mzigo wake.