Kuku Kumi Wasiochanjwa

Soko lilifurika watu siku hiyo, ila mbele ya meza ya Kiini hapakuwa na hata nzi. Redio ilikuwa imetangaza asubuhi kwamba mafua ya ndege yameingia mjini, na kila aliyepita aliyatazama mayai kwa jicho la pembeni kisha akaongeza mwendo. Kiini, jina alilopewa sokoni kwa kupenda nguo za manjano kama kiini cha yai, alikuwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote, kilemba kimekaa sawasawa, na hakuna wa kumsifu.

"Trei mbili," ikasema sauti ya kiume.

Akainua macho. Mwanaume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi barabara, lakini miguuni buti za mpira zenye matope. Juu bwana harusi, chini mchimba mtaro.

"Kaka, wewe huogopi kufa?"

"Mayai nitayachemsha hadi yaive, hayana neno. Macho yako ndiyo sijui nitayafanyaje."

"Makubwa! Kumbe wengine wanakuja sokoni kuuza maneno."

Kumbe alikuwa daktari wa mifugo, anazunguka na chanjo mtaa kwa mtaa. Kesho yake alifika nyumbani kwa Kiini, kwenye banda la kuku mia mbili alilolijenga Kiini na shangazi yake kwa miaka sita ya kujinyima. Shangazi alishika kuku, Daktari akachoma sindano.

"Baba, hebu niambie ukweli," shangazi akauliza. "Tukila mayai ya kuku hawa, hatutaota manyoya?"

"Nimekula mayai ya kuku waliochanjwa miaka mitano, shangazi. Niangalie."

"Nakuangalia. Na wewe unamwangalia nani?"

Kiini akacheka hadi akajishika mbavu. Alipoona kuku kumi wamefungwa utepe mwekundu mguuni, aliuliza ni wa nini. Daktari akajibu, "Wa kazi tu," akajifanya anatafuta kalamu.

Mapenzi yakachipua. Simu za asubuhi, simu za mchana, "umekula, kipenzi?", "umelala, roho yangu?", mpaka shangazi akalalamika kwamba nyumba imegeuka kituo cha simu. Wiki tatu Kiini alitembea sokoni anaimba.

Halafu shangazi akaokota karatasi ya ofisi aliyoisahau Daktari juu ya kabati. Akavaa miwani, akasoma: waliochanjwa, mia moja na tisini. Wasiochanjwa, kumi. Utepe mwekundu.

Kiini akapiga simu.

"Kuku wangu kumi umewaacha bila chanjo?"

Akasikia karatasi zikipekuliwa upande wa pili.

"Daktari, si naongea na wewe?"

"Mpenzi, ngoja nikueleze. Wale ni walinzi..."

"Walinzi wa nini? Umewafanya chambo! Siku zote unaniita roho yangu, kumbe umenifuga kama wao!"

Akakata. Simu ikaita mara tisa, hakupokea. Kwa hasira akachukua mkasi, akaingia bandani, akakata tepe zote kumi na kuzitupa jaani. Kuku wakachanganyika, mweupe na mweupe mwenzake, hata mama yao asingewajua. Usiku ule alilia mto ukaloa, na alichokililia zaidi si kuku.

Siku ya nane tangu wagombane, kuku wa jirani wa mtaa wa pili wakaanza kufa. Amri ikatoka: mabanda yote ya karibu yatapimwa, na kitakapopatikana kirusi, kuku wote wa banda hilo watateketezwa. Miaka sita! Kiini akakimbilia bandani. Simu ikaita, na safari hii akapokea.

"Wale wenye utepe ni wazima?" Daktari aliuliza, hakusalimia hata.

"Nimezikata tepe."

"Zote?"

"Zote."

Akamsikia akishusha pumzi. "Nisikilize, mpenzi. Kuku aliyechanjwa anaweza kuubeba ugonjwa na akaendelea kutaga, usimjue. Asiyechanjwa hafichi. Ugonjwa ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kuanguka. Wale kumi ndio wangetuambia, ningepima damu yao tu."

"Sasa kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliogopa utakataa. Halafu nikaogopa utanikataa mimi. Nimekosa, Kiini. Nakuja, tutawapima mmoja mmoja."

Alifika jua halijapanda, amebeba boksi la vichupa vya kuwekea damu. Kiini alivaa barakoa na glavu, kanga kiunoni, akawa anakamata. Kuku mia mbili! Saa za kwanza hawakusemezana, ila "huyu", "mshike bawa", "mwingine". Kufika wa themanini, jogoo akamparua Daktari mkono.

"Stahili yako," Kiini akasema.

"Umemtuma wewe?"

"Ningemtuma, angekuparua mdomo. Ndio ulionyamaza."

Daktari akacheka, na Kiini, jamani, akacheka naye bila kupenda. Alipomfunga kitambaa mkononi alikifunga taratibu kuliko ilivyohitajika. Walipomaliza wa mia mbili, wote wawili walikuwa wamejaa manyoya na mavi ya kuku, na shangazi aliwatazama akatikisa kichwa.

Siku mbili za kusubiri majibu zilikuwa ndefu kama mwezi. Kiini hakula. Shangazi alifagia ua mara saba. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikaita.

"Mia moja na tisini wana kinga ya chanjo," Daktari alisema. "Kumi hawana kitu chochote katika damu. Hawana chanjo, hawana ugonjwa. Hawajaguswa, Kiini! Banda lako ni safi!"

Kiini akaketi chini palepale, kicheko na machozi vikatoka pamoja. Shangazi akapiga vigelegele hadi kuku wakanyamaza.

"Nikuombe jambo?" Daktari aliuliza.

"Nikuombe mimi kwanza. Kuanzia leo, ukiwa na neno unaloogopa kuniambia, uanze na hilo hilo."

"Hata sasa?"

"Sasa hivi."

"Nipo nje ya mlango wenu robo saa nzima. Nimevaa suti. Nataka kumwambia shangazi kwamba nataka kukuoa, na naogopa hata kugonga."

Kiini hakujibu kwenye simu. Alikimbia pekupeku, akafungua mlango, akamkuta amesimama na simu bado sikioni, jasho likimchuruzika.

"Ndiyo," akamwambia. "Sasa ingia ukamwogope shangazi ndani."