Gurudumu Lisilojibu

Kila alfajiri Bampa na mkewe walipakia matofali kwenye lori lao. Bampa alishika usukani. Mkewe ndiye aliyekuwa utingo, akifunga turubai na kuweka vigingi kwenye tairi. Watu waliwatania kwamba ndoa yao inatembea kwa dizeli.

Siku moja taa ya njano ikawaka mbele ya usukani, ile ya breki zinazozuia magurudumu yasijifunge. Bampa akaibandika utepe mweusi, eti inamchoma macho. Jamani, ukifunika jipu ndiyo limepona?

Mvua ikanyesha. Mteremkoni Bampa akakanyaga breki, tairi zikajifunga, lori likateleza ubavu hadi ukingoni mwa korongo. Hawakuumia, lakini mkewe alishuka, akasimama kando ya barabara.

"Mimi sipandi tena mpaka lipone," akasema.

Bampa aliumia moyo. Bila mkewe, kazi na safari vyote vilikosa ladha. Akaapa kulitengeneza. Alinunua sensa mpya, kifaa kidogo kinachokaa karibu na gurudumu na kuijulisha breki jinsi linavyozunguka. Akaifunga kwenye gurudumu la mbele kulia, kwa sababu ndilo lililozoea pancha. Akabandua utepe; taa ikaendelea kuwaka.

Akanyoosha mikono, akamwita mdogo wa mkewe, fundi umeme wa malori.

"Shemeji, umemkamata mtu kwa sura yake tu," fundi akamwambia. "Tuyaulize magurudumu yote kwanza."

Hakukimbilia uvunguni. Alitaka lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe, na tairi zinazobaki chini ziwekewe vigingi mbele na nyuma. Kila ekseli ilipoinuliwa kwa jeki, ilikalishwa juu ya stendi za chuma, kwani jeki peke yake haiaminiki. Kisha alichomoa waya wa kila sensa, akaunganisha mita ya kupimia umeme, na Bampa akazungusha gurudumu kwa mkono. Namba za mita zilipanda kwa magurudumu matatu. La nyuma kushoto lilikaa kimya.

Fundi akaufuata waya wake kwa tochi. Ulikuwa umesagika mpaka shaba inaonekana, na kichwa cha sensa kimepasuka. Waya huo ulikuwa umefungwa kwenye springi kwa kipande cha tyubu. Bampa ndiye aliyeufunga, na kila springi ilipocheza, waya ulilika. Aibu ilimshika.

"Nielekeze," akasema. "Nitaibadilisha mimi."

Sensa iliyopasuka ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Fundi alimkataza nyundo, asije akaharibu tundu. Bampa akapuliza mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, akaizungusha taratibu hadi ikatoka. Akasafisha tundu kwa brashi. Akaitoa ile sensa mpya kwenye gurudumu la mbele, akaisukuma humo mpaka ikagusa pete yenye meno inayozunguka na gurudumu, na ile ya zamani ya mbele, ambayo haikuwa na kosa, akairudisha mahali pake. Safari hii waya ulipita mbali na springi. Mita ikajibu.

Aliendesha lori tupu uwanjani, polepole. Taa ikazimika. Akakanyaga breki kwenye tope, lori likasimama limenyooka. Akarudia, mkewe akitazama kutoka getini.

Mkewe akaja, akafungua mlango, akakaa.

"Twende," akasema. "Lakini mteremkoni uendeshe kama mtu mwenye mke."